Akili Unde na Mpiga Kura wa Pembezoni

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, sajili ya wapiga kura ilikuwa na majina 22,120,458, na takriban asilimia 65 ya wenye majina hayo walifika vituoni. Hesabu hiyo haimwoni mtu mzima ambaye hakuandikishwa kamwe. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa kama asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017, ingawa sajili nzima ilikuwa imepanda kutoka milioni 19.6. Katika zoezi la Oktoba na Novemba 2021, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ililenga kuandikisha watu wapya milioni 6. Waliojitokeza hawakufika milioni 2. Wakiongezwa hapo mfugaji wa Marsabit aliyehama na mifugo karani alipokuwa akipita, mwanamke asiyejua kusoma, kiziwi asiye na mkalimani na bawabu wa Nairobi ambaye jina lake liko kituo cha Vihiga, ndipo ukubwa wa pengo unapoonekana.

Akili unde hutajwa sasa kila pengo hilo linapozungumzwa. Jina ni moja lakini mambo ni mengi: kuna programu inayosikia usemi na kuugeuza kuwa maandishi, inayotafsiri, inayosoma mwandiko kutoka kwenye picha, inayolinganisha sura au alama za vidole, inayokisia kutokana na takwimu, na inayoandika majibu kama binadamu. Kila moja ina nguvu zake na makosa yake. Tume au shirika linalosema “tunataka akili unde” bila kusema ni ipi kati ya hizo, na ni ya kumsaidia nani, huishia kununua kitu kinachong'aa kwenye uzinduzi na kulala kabatini siku ya kura. Swali la kuanzia ni dogo zaidi: ni mwananchi gani hafiki, na anakwama wapi? Njia ya mpiga kura ina vituo vyake: kitambulisho, kujiandikisha, kupata habari, kufika kituoni, kuandika karatasi, kisha kuamini hesabu. Programu inayomsogeza mtu kutoka kituo kimoja hadi kingine inafaa. Programu inayowekwa mlangoni kuamua nani apite, hiyo inahitaji kukataliwa, au kufungwa kamba fupi sana.

Katika kituo cha kwanza, mashine ina kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti hakuna usajili, na kitambulisho hutolewa na sheria, afisa na siasa. Wamakonde wa Kwale walipata uraia wao baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016. Washona walifuata mwishoni mwa 2020 na Wapemba mwaka 2023. Hapakuwa na programu katika safari hizo, na mratibu mwenye busara hatatumia fedha za wafadhili kuunda moja pale ambapo wakili na gari la kubebea wazee hadi ofisi ya usajili wangefanya kazi zaidi.

Ramani ni jambo tofauti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na takwimu zake zinashuka hadi ngazi za chini za utawala. Zikilinganishwa na sajili, wadi kwa wadi, huonyesha ni wapi watu wazima ni wengi na majina ni machache. Programu za kusoma picha za setilaiti zinaweza kuongeza kitu ambacho sensa ilikiacha nyuma: makazi yaliyochipuka baada ya 2019, mitaa ya mabanda iliyopanuka, maboma yaliyohamia penye maji. Data ya majengo ya Afrika iliyochorwa kwa njia hiyo imekuwa wazi kwa umma tangu 2021. Karani anayejua kwamba kijiji fulani kiko kilomita 30 kutoka kituo cha usajili anaweza kupeleka mashine ya usajili, KIEMS, huko siku ya mnada wa mbuzi, badala ya kungoja watu waache mifugo wamfuate. Hata hivyo, makisio ya programu lazima yapite mikononi mwa chifu, mzee wa mtaa na akina mama wa kikundi kabla ya kugeuzwa ratiba. Picha ya angani haijui kwamba boma lile limehamwa tangu ukame. Tena ramani ya wasioandikishwa ina thamani kubwa kwa mwanasiasa ambaye angependa wabaki hivyo. Ichapishwe kwa ngazi ya wadi, kwa wote na kwa wakati mmoja, na ile ya ngazi ya nyumba isichorwe kabisa.

Faida kubwa kuliko zote iko katika lugha na sauti. Kenya ina lugha zaidi ya 40. Katiba, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Inaitaka serikali pia kuendeleza lugha za kienyeji, Lugha ya Alama ya Kenya na maandishi ya nukta nundu. Lakini kanuni, matangazo na fomu huanza maisha yake kwa Kiingereza cha kisheria, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mtu wa Tana River anayetaka kujua kama anaweza kupiga kura kwa pasipoti aliyoandikishia, au kama mume anaruhusiwa kumwandikia mkewe karatasi, humuuliza jirani, na jirani humuuliza mgombea.

Huduma inayofaa hapa ni ya simu ya kawaida: nambari ya bure ambayo mtu mwenye mulika mwizi anaipigia, anauliza kwa lugha yake, anasikia jibu. Wakenya walikwisha kuzoea kutuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000 ili kuthibitisha usajili, kwa hiyo desturi ipo. Simu ya sauti ina faida nyingine ambayo wataalamu wa mijini huisahau: haitegemei intaneti. Uganda ilizima intaneti katika uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Huduma ya wapiga kura inayoishi mtandaoni pekee inaweza kufa siku ile ile inapohitajika.

Uwezo wa mashine katika lugha za eneo hili haulingani. Kiswahili kina hazina nzuri ya sauti na maandishi, sehemu yake ikiwa imechangwa na watu wa kujitolea katika mradi wa Common Voice wa Mozilla. Modeli ya kutafsiri ambayo Meta iliitoa mwaka 2022 kwa lugha 200 ina Kikuyu, Kikamba, Dholuo na Kisomali. Mradi wa Kencorpus wa vyuo vikuu vya Kenya ulikusanya sauti na matini za Kiswahili, Dholuo na lahaja za Kiluhya. Baada ya hapo ardhi inakauka haraka. Kwa Kirendille, Kiturkana au Kipokomo, kinachoweza kutegemewa ni kidogo mno, na kulazimisha mashine huko ni kumdharau msikilizaji. Njia ya busara ni kuwarekodi watangazaji wa redio za lugha hizo, ambao sauti zao zinajulikana na kuaminiwa, wakijibu maswali 50 au 60 ya kawaida, kisha kumwacha mpigaji achague kwa kubonyeza nambari. Hilo si akili unde hata kidogo, na linafanya kazi.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego ambayo mashine hunaswa nayo. Mtego wa kwanza ni saa. Vituo vya Kenya hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Matini ya Kiingereza huandika 6 na 5. Programu isiyojua kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko itatoa “saa 6 hadi saa 5”, na mkulima wa Kilifi atakayeamini kwamba ana nafasi hadi saa 5 usiku atakuta mlango ulifungwa saa sita kabla. Mtego wa pili ni mpaka wa nchi. Matini nyingi za uchaguzi kwa Kiswahili zimeandikwa Tanzania, na kwa hiyo mashine hupendelea “jimbo”, “kata” na “diwani”. Nchini Kenya kuna eneo bunge, wadi na mwakilishi wa wadi. Diwani ni cheo kilichokufa na mabaraza ya zamani mwaka 2013, na “jimbo” humkumbusha msikilizaji mabishano ya majimbo tangu uhuru. Mtu akiambiwa achague diwani, atatafuta karatasi ambayo haipo kati ya zile sita anazopewa. Kura “iliyoharibika”, ambayo mpiga kura anairudisha na kupewa karatasi nyingine, si sawa na kura “iliyokataliwa” wakati wa kuhesabu, na tafsiri ya haraka huzichanganya hizo mbili kila siku. Dawa yake ni kamusi ndogo ya istilahi iliyoidhinishwa na tume, labda maneno 300, ambayo mashine inafungwa nayo kabla haijatafsiri sentensi moja.

Kisha kuna namna watu wanavyosema kweli. Kijana wa Kayole hataulizia “utaratibu wa kuhamisha usajili”. Atasema: “Nimeshift kutoka Umoja, naeza transfer kura aje?” Programu iliyofunzwa kwa taarifa za habari na vitabu vya dini haitamwelewa. Kwa hiyo maswali ya kujaribia yatolewe kwa watu wenyewe: kwenye baraza la chifu, steji ya bodaboda, kliniki ya watoto, kibanda cha mama mboga, yakirekodiwa na kelele zake zote. Maswali 200 ya namna hiyo yatafichua mengi kuliko ripoti ya muuzaji. Matokeo yasomwe kundi kwa kundi, kwa sababu wastani huficha. Huduma inayowaelewa wanaume wa Kisumu mjini na kushindwa na nyanya wa Homa Bay imeongeza pengo lililokuwapo, hata kama karatasi ya muuzaji inaonyesha asilimia nzuri. Alama ya kupitisha au kukataa iwe ile ya kundi lililofanya vibaya zaidi.

Jambo lisilo na mjadala ni nani anatunga jibu. Mapema mwaka 2024, maafisa wa uchaguzi na wataalamu nchini Marekani waliziuliza modeli tano mashuhuri maswali ya wapiga kura. Karibu nusu ya majibu yalikuwa na makosa. Agosti mwaka huo, makatibu wa majimbo matano waliandika barua ya malalamiko baada ya programu ya mtandao wa X kueneza tarehe zisizo za kweli kuhusu majina kwenye karatasi za kura. Hayo yalitokea kwa Kiingereza, katika nchi ambayo sheria zake zimejaa mtandaoni. Kwa Kikamba au Kisomali hakuna sababu ya kutarajia mema zaidi. Kwa hiyo mashine ipewe kazi ya kusikia swali na kulichagulia jibu kutoka kwenye hazina ya majibu yaliyoandikwa na tume, yenye tarehe na jina la afisa aliyeidhinisha. Isitunge. Isipoelewa mara mbili, impeleke mpigaji kwa mtu. Ikiulizwa “nimpigie nani?”, ijibu kwamba haiwezi kusema, na inyamaze, kwa kuwa mfumo unaoanza kulinganisha sera za wagombea kwa maneno yake mwenyewe utatuhumiwa upendeleo kabla ya jua kutua, na pengine kwa haki.

Wapiga kura wenye ulemavu wanastahili mazungumzo ya peke yao, kwa sababu hapo ndipo uvumbuzi wa maonyesho hupenda kukaa. Wanasesere wa kompyuta wanaotoa lugha ya alama hupendeza kwenye skrini. Viziwi wengi hawawapendi, kwa sababu ya msingi: katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikiinuliwa, sentensi huwa swali. Kichwa kikitikiswa, huwa kanusho. Mwanasesere mwenye uso uliokufa anaweza kutoa “ruhusa” mahali pa “marufuku”. Video za viziwi wenyewe wakieleza hatua za kupiga kura, zilizorekodiwa mara moja na kusambazwa kwa WhatsApp na kwenye shule na vyama vya viziwi, ni bora na ni rahisi. Programu isaidie kando yake: kuweka maandishi chini ya video za midahalo, ambayo mhariri atayapitia, na kumwezesha mtu kutafuta kipande anachokitaka.

Kwa wasioona, kikwazo cha kwanza ni cha kizembe tu. Matangazo ya uchaguzi hutolewa mara nyingi kama picha za karatasi zilizopigwa muhuri, na simu yenye kisoma-skrini hukutana na ukuta mtupu. Programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha huweza kugeuza nyaraka hizo zote kuwa matini zinazosomeka kwa sauti, kazi ya siku chache, nafuu kuliko semina moja ya hotelini. Ndani ya kibanda cha kura hali hubadilika. Simu yenye kamera haifai kuingia pale, kwa kuwa picha ya karatasi ndiyo risiti anayoitaka mnunuzi wa kura. Kiolezo cha plastiki chenye nukta nundu, ambacho huwekwa juu ya karatasi ya kura na kimetumika Tanzania, humpa mtu siri yake bila betri. Nchini Kenya, mpiga kura anayehitaji msaada huchagua mtu wake, ambaye hujaza Fomu 32 ya kiapo cha siri. Asipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala wa vyama. Kikongwe asiyejua kusoma hutaja chaguo lake mbele ya mawakala hao na kurudi kuishi nao kijijini. Huduma ya simu inaweza kupunguza idadi ya watu wanaofika hapo, kwa kumzoeza mtu nyumbani: karatasi sita, kila moja na rangi yake, picha ya mgombea iko wapi, alama inawekwa wapi. Mazoezi hayo yatumie majina ya kubuni. Majina halisi yakitumika, mafunzo yanageuka kampeni.

Mlangoni mwa kituo, akili unde ya kulinganisha alama za vidole imekuwapo kwa miaka mingi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Wachuma chai, wavunja kokoto, mafundi wanaoshika saruji na wazee kwa ujumla huwa na vidole vilivyosuguliwa, na mashine huwakataa mara nyingi kuliko makarani wa ofisini. Kutambua sura si mwarobaini. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018, uliopima programu za kukisia jinsia kwa kutazama picha, ulikuta makosa ya hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Programu zimeboreka tangu hapo, lakini anayenunua mfumo kwa ajili ya Turkana adai majaribio ya Turkana. Kanuni inayofaa kuandikwa kwenye mwongozo wa makarani ni fupi: mashine inaweza kukubali, haiwezi kukataa. Ikishindwa, mtu hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho, kisha kwenye sajili ya karatasi. Mwaka 2022 mashine zilipogoma katika baadhi ya maeneo ya Kakamega na Makueni, karatasi ndiyo iliyookoa kura.

Kusafisha sajili ndiko kwenye hatari iliyojificha zaidi. Wafu huondolewa, waliojiandikisha mara mbili huunganishwa, na ni kazi halali. Shida huanza programu inapolinganisha majina. Katika pwani, mtu mmoja anaweza kuandikwa Mohamed, Mohammed na Muhammad katika nyaraka tatu, na watu watatu wakaandikwa Mohamed Omar Ali bila kuwa na uhusiano wowote. Wasomali hawana jina la ukoo, ila jina lao, la baba na la babu. Wanawake hubadilisha majina wakiolewa, na wengine huyarudisha. Mapacha Opiyo na Odongo wana baba mmoja na siku moja ya kuzaliwa. Wazee wasiojua tarehe yao huandikiwa ya kukisia. Kwa maneno mengine, makosa ya ulinganishaji huangukia makundi yale yale yaliyokusudiwa kujumuishwa. Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa Crosscheck, ulioendeshwa kutoka Kansas, ukilinganisha majina na tarehe za kuzaliwa baina ya majimbo. Ulitoa orodha ndefu za watu wasio na kosa, ukasimamishwa mwaka 2019 baada ya kesi mahakamani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Programu ionyeshe majina ya kutiliwa shaka. Binadamu wawili wayachunguze. Mwenye jina apelekewe ujumbe na apewe muda wa kujibu kabla jina halijaguswa.

Kujumuishwa hakuishii pale kura inapotumbukizwa. Mwaka 2022 tume iliweka hadharani picha za Fomu 34A, fomu za matokeo ya urais, kutoka vituo 46,229, na mtu yeyote aliweza kuzipakua. Mgombea binafsi au chama kidogo hakina fedha za kuwalipa mawakala 46,229. Programu ya kusoma mwandiko humpa, kwa kompyuta chache, uwezo ambao awali ulikuwa wa matajiri. Hata hivyo, mwandiko wa msimamizi aliyekesha usiku mzima ni mgumu: 1 na 7 hufanana, 0 hufunga kama 6. Kila tarakimu itazamwe na watu wawili wasiowasiliana, na fomu zisizokubaliana zihesabiwe peke yake. Jumla isiyo kamili isitangazwe kama matokeo. Vyombo vya habari vilivyojumlisha fomu kwa mikono mwaka ule vilionyesha hesabu zinazotofautiana kwa saa nyingi, kwa kuwa kila kimoja kilianza na kaunti zake, na watazamaji wakachanganyikiwa.

Akili unde pia hutenga watu kwa udanganyifu, na mpango wa kujumuisha usiojiandaa kwa hilo umekamilika nusu. Januari 2024 wakazi wa New Hampshire walipigiwa simu yenye sauti bandia ya Rais Biden ikiwaambia wasipige kura ya mchujo. Mshauri aliyehusika alitozwa faini ya dola milioni 6. Sauti kama hiyo kwa Kikalenjin au Kikuyu ingesambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia kabla ya mtu yeyote Nairobi kuisikia. Vifaa vya kutambua sauti bandia vimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo kinga iliyo karibu ni ya zamani: tume itangaze mapema, kwa sauti za watu wanaojulikana katika redio za kienyeji, kwamba haitabadilisha tarehe wala kituo kwa simu au ujumbe wa sauti, na kwamba uvumi wowote unathibitishwa kwa nambari ile ile ya bure. Wagombea wanawake, wanaoandamwa na picha chafu za kutengenezwa, wapewe afisa mmoja wa kupokea malalamiko yao saa zote, maana picha ya aina hiyo ikikaa siku tatu imekwisha kufanya kazi yake.

Kuchuja matusi kwa mashine ni kazi ya tahadhari. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichapisha orodha ya maneno ya kuchochea chuki. Humo mlikuwa na “madoadoa”, “kwekwe” na hata “hatupangwingwi”, kaulimbiu ya kampeni iliyokuwa ikiimbwa jukwaani. Mkulima anayeandika kuhusu kwekwe shambani na mtu anayewaita majirani zake kwekwe wametumia neno moja. Programu inaweza kuwakusanyia wachunguzi ujumbe wa kusoma. Kufuta kwa kutumia orodha tu kutanyamazisha wakulima, na wachochezi watahamia neno jingine kufikia Ijumaa.

Kwenye mkataba ndiko mipango mingi mizuri hufia. Baada ya uchaguzi wa 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume zikaguliwe, agizo halikutekelezwa ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukabatilishwa. “Fungua seva” ikawa lugha ya vijiweni. Anayenunua huduma ya akili unde ahakikishe tangu mwanzo kwamba kumbukumbu za mfumo zinaweza kufunguliwa kwa mahakama na wakaguzi, kwamba sauti za wananchi ni mali ya umma na hazitumiki kufunzia bidhaa nyingine, na kwamba makarani wa tume wanaweza kubadilisha jibu lililokosewa bila kumngoja mhandisi wa ng'ambo aamke. Tathmini ya athari kwa faragha ifanywe kabla ya kununua. Wakenya wana sababu ya kuwa na shaka: Juni 2021 wengi wao waliangalia rekodi na kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuvijua. Huduma ya habari kwa wapiga kura haihitaji jina la mpigaji, na isimwulize.

Kuhusu muda, uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na usajili endelevu ulirejea tarehe 29 Septemba 2025. Kukusanya sauti, kuandaa kamusi ya istilahi na kujaribu na watu halisi huchukua mwaka mzima, pengine zaidi. Huduma ianze kwa wadi chache zenye lugha tofauti wakati wa chaguzi ndogo, ambapo kosa halina gharama kubwa. Miezi miwili kabla ya siku ya kura mfumo ufungwe: marekebisho ya majibu tu, hakuna toleo jipya la programu, hata muuzaji akiahidi makubwa.

Kura zikishahesabiwa, kumbukumbu za majibu yaliyotolewa zihifadhiwe hadi kesi za uchaguzi zimalizike. Za rais huwasilishwa ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya 14. Za viti vingine huweza kuchukua miezi 6. Baada ya hapo rekodi za sauti zifutwe, mbele ya mkaguzi wa nje. Kinachobaki ni orodha ya maswali yasiyo na majina, yakipangwa kwa wadi na lugha, pamoja na yale ambayo mashine haikuyaelewa. Orodha hiyo iende kwa maafisa wa elimu ya mpiga kura, ambao wataitumia kuandika upya hazina ya majibu kabla ya usajili unaofuata.